Brownies: Mbichi au Ndivyo Zilivyo?



Mwaka jana nilipewa oda ya visanduku 60 vya brownies kwa shughuli ya bibi harusi mmoja. Nguo yake nilimshonea mimi, ikamkaa mashaallah, ndiyo familia ikaniamini na vitamu pia. Kesho yake asubuhi simu ikalia: "Bibie, keki zako mbichi, zinatunatia kwenye meno." Visanduku karibu nusu vikarudi. Pesa iliyobaki sikulipwa, na mimi sikuidai. Nilikaa jikoni nalia huku nakula kimoja kimoja, najiuliza ni mbichi kweli au wenyewe hawajazoea? Keki ya kawaida ikinata ni mbichi, hakuna mjadala. Lakini brownies si keki ya kawaida. Ikabidi nirudi nyuma kabisa, nijue kitu hiki kimetoka wapi na waliokianzisha walitaka kiweje.

Safari inaanzia Chicago, Marekani, na ndani yake kuna bibi harusi. Mwaka 1870 tajiri mmoja aitwaye Potter Palmer alimuoa binti aitwaye Bertha Honoré, na zawadi yake ya harusi ilikuwa hoteli nzima, Palmer House. Maharusi mnaosoma hapa msianze kupandisha mahari! Hoteli ilifunguliwa 1871, na baada ya siku 13 tu ikateketea kwenye ule moto mkubwa wa Chicago. Akakopa, akaijenga upya.

Mwaka 1893 mji huo ukafanya maonyesho makubwa ya dunia, na Bi Bertha akawa mkuu wa bodi ya wanawake. Walikuwa na jengo lao kabisa, lililochorwa na mwanamke, Sophia Hayden. Hoteli yenyewe inasimulia kwamba Bi Bertha aliwaagiza wapishi wa mumewe wamtengenezee kitamu kidogo kuliko kipande cha keki, kinachoweza kuingia kwenye visanduku vya chakula cha mchana vya wanawake na kuliwa kwa mkono. Wakamtolea kitu kizito cha chokleti, juu kina jozi, zile njugu zenye umbo kama ubongo, na kimepakwa utando wa aprikoti unaong'aa.

Hapo nilisimama kidogo. Visanduku vya wanawake! Sisi tunavijua. Kinachoingia kwenye kisanduku hakitakiwi kumwaga makombo kwenye buibui wala krimu kwenye vidole vyenye piko. Kikikaa saa nyingi kisikauke, kikibanwa kisivunjike. Ule uzito na unyevu ulikuwa na kazi yake tangu mwanzo.

Ila jina la brownies lilikuja kwa njia nyingine. Kwenye kitabu maarufu cha mapishi cha Bi Fannie Farmer wa Boston, kilichotoka 1896, brownies zimo lakini hazina chokleti hata chembe. Zilikuwa vikeki vidogo vya molasi, ule uji mzito mweusi wa miwa, kila kimoja na kibati chake na pekani juu. Bi Fannie nampenda kwa sababu nyingine pia. Alipooza akiwa msichana, masomo yakakatika, akaja kuingia chuo cha upishi akiwa mtu mzima. Kampuni ya vitabu haikutaka kuingia hasara, akagharamia mwenyewe kuchapa nakala 3,000. Na yeye ndiye aliyewashikilia wanawake wapime kikombe kilichosawazishwa kwa kisu, si kikombe cha mlima. Mimi nimesoma ushoni, najua futi isipolala sawa nguo inakwenda upande. Kwenye brownies ni hivyo hivyo, unga ukizidi vijiko viwili tu umeshapata keki.

Kufika 1904 akina mama wa Marekani walikuwa tayari wanaandika brownies za chokleti kwenye vitabu vyao. Bi Fannie akaziweka kwenye toleo la 1906: sukari kikombe 1, siagi robo kikombe, yai 1, chokleti miraba 2, unga nusu kikombe. Mwaka mmoja baadaye, 1907, Bi Maria Willett Howard akatoa kitabu kwa ajili ya kampuni ya chokleti ya Lowney. Sukari ile ile, chokleti ile ile, unga ule ule nusu kikombe. Alichobadilisha ni siagi, ikawa nusu kikombe, na mayai, yakawa 2. Basi! Hapo ndipo zilipozaliwa brownies laini tunazozitaka leo. Na katika mapishi yote mawili hamna beking pauda.

Kuna hadithi kwamba mwanamke mmoja wa Bangor, Marekani, alisahau pauda, keki ikadidimia, akaikata vipande akawagawia wageni. Hadithi tamu, lakini mimi siinunui. Vitabu vinaonyesha wanawake waliopima na kurekebisha mwaka kwa mwaka, si ajali ya mtu msahaulifu.

Sasa turudi kwenye visanduku vyangu. Nilipoweka vipimo vyangu kando ya vya 1907 niliona aibu. Mimi nilitumia unga kikombe kimoja na nusu kwa mayai 2, na pauda juu yake. Halafu ili ziwe laini, nikazitoa kwenye oveni mapema. Kwa hiyo nilioka keki, nikaitoa haijaiva. Yule mama wa simu alikuwa na haki, na mayai yasiyoiva yangeweza hata kuwadhuru watu. Ulaini wa brownies unatokana na unga kuwa mchache na siagi na sukari kuwa nyingi. Hautokani na dakika kuwa chache.

Siku hizi nafanya vipimo vya Bi Maria mara mbili. Siagi kikombe 1 nayeyusha na chokleti gramu 115 juu ya mvuke, naacha ipoe kidogo. Mayai 4 na sukari vikombe 2 napiga mpaka yawe mazito na meupe. Hapa usifanye uvivu, ndipo unapopata ule utando mwembamba juu unaong'aa na kupasuka. Nachanganya, namalizia na unga kikombe 1 na chumvi nusu kijiko cha chai kwa mwiko, nikiacha mara tu weupe wa unga unapopotea, maana ukikoroga sana zinakuwa ngumu. Jozi huku ghali, natia korosho. Treya ya inchi 9 kwa 13, moto nyuzi 175, kama dakika 25 hadi 30. Kijiti kikitoka na uji, rudisha. Kikitoka na chembe zenye unyevu zilizoshikana, toa. Kikitoka kikavu umeshachelewa.

Chokleti someni nyuma ya pakti. Nyingi za kupikia zina mafuta ya mboga badala ya siagi ya kakao. Na mapishi haya ya Kimarekani husema vanila. Ile ya maji ya kwao kwa kanuni huwa na alkoholi asilimia 35 au zaidi, basi mimi natumia ya unga.

Usikate zikiwa moto. Kwa joto letu hili naziacha zipoe, kisha friji saa 2, ndipo kisu. Siagi na chokleti zikiganda, kile kinachoonekana kibichi kikiwa moto kinakuwa kipande kizito kinachosimama.

Mwezi uliopita nilipeleka visanduku 40 kwa bibi harusi mwengine. Kabla ya kufunga nilimkatia mama yake kipande kimoja, nikamwambia aonje mbele yangu. Akatafuna, akanyamaza, akaniuliza, "Hizi si mbichi?" Nikamkatia katikati nimuonyeshe zilivyoiva, nikaanza kumsimulia ya Chicago. Hakuningoja nimalize, alikuwa anachukua cha pili.