Ruzuku ya Bei, Ruzuku ya Mradi

Mama mmoja mkulima wa mahindi yuko dukani kwa pembejeo. Anataja namba yake ya usajili, muuzaji anaibonyeza kwenye simu, na bei ya mfuko wa mbolea inashuka. Kwa Watanzania wengi, ruzuku ndiyo hiyo. Wengine wameizoea kwenye siasa: fedha ambazo Hazina huvipa vyama kwa kuangalia kura na viti vya ubunge.

Sasa chukua mpango wa serikali ya Marekani wa kuzipa bandari zake fedha za ulinzi. Mtafsiri huandika neno lile lile, ruzuku, na hakosei. Lakini msomaji wetu atadhani kuna kitu kimepunguzwa bei, au kuna mgawo unaokuja wenyewe kila mwaka. Haiko hivyo.

Mpango huo ulitokana na mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya ulinzi wa usafiri wa majini, iliyozitaka bandari na meli ziwe na mipango ya ulinzi. Ugumu ukawa hapa: magati ya nchi ile kwa sehemu kubwa si mali ya serikali kuu. Ni ya miji, ya majimbo, au ya kampuni binafsi. Huwezi kumwamuru mwenye nyumba aweke kamera, uzio na boti ya doria, kisha ukamwachia gharama zote, ilhali nyumba yake ni mlango wa taifa zima. Ndipo ruzuku ikaingia.

Fedha hizo husimamiwa na FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa. Mwaka 2023 zilikuwa dola milioni 100 kwa nchi nzima, na waombaji hushindana. Kila mmoja huandika andiko: hapa kwetu kuna pengo hili, tutaliziba kwa kifaa hiki au mafunzo haya, kwa gharama hii. Walinzi wa Pwani, wanaoijua bandari gati kwa gati, hulipitia andiko na kutoa maoni yao. Anayefaulu naye hutia mkono mfukoni: taasisi ya umma kwa kawaida huchangia asilimia 25 ya gharama, kampuni ya biashara asilimia 50. Matumizi huthibitishwa kwa stakabadhi, na kazi hupewa muda maalumu, mara nyingi miezi 36.

Ukitaka kuona fedha hizo zinanunua nini, tazama New York. Siku ile ya Septemba majengo yalipoanguka, mabomba makuu ya maji yalipasuka chini ya kifusi. Magari ya zimamoto yalikuwepo, maji hayakuwepo. Boti za zimamoto zikafunga kamba ukingoni mwa mto Hudson, zikavuta maji ya mto na kuyasukuma nchi kavu kwa mipira. Hata John J. Harvey, boti iliyoundwa mwaka 1931 na ambayo ilikwisha kustaafishwa, ilirudi kazini. Mwaka 2010 kikosi cha zimamoto cha jiji hilo kilipata boti mpya ya takriban dola milioni 27, iliyogharimiwa kwa sehemu kubwa na ruzuku ya serikali kuu. Inaweza kusukuma galoni 50,000 kwa dakika, karibu lita 190,000. Jina lake ni Three Forty Three, hesabu ya wazimamoto wa jiji waliokufa siku ile.

Boti hiyo inanipa sababu ya kulitetea neno letu jingine, usalama. Wapo wanaolilaumu kwamba linachanganya kuzuia adui na kuzuia ajali, nao hutaka tuseme "ulinzi" kwa lile la kwanza. Kwenye sheria watenganishe. Gatini mchanganyiko huo ni sahihi: chombo kile kile humfukuza mwenye nia mbaya leo na kesho kuzima moto wa tangi la mafuta.

Turudi kwenye ruzuku. "Msaada" hauwezi kushika nafasi yake, kwa kuwa unabeba huruma, na bandari haihurumiwi. "Hiba" ni zawadi, nayo mtu haitolei stakabadhi. Ruzuku imetoka shina moja na riziki, na mwenye kutafuta riziki huamka akatoka. Neno linatosha, ila liongezewe kivumishi cha kulifafanua. Ile ya mama wa mahindi tuiite ruzuku ya bei. Ya bandari iwe ruzuku ya mradi: ina andiko, mchango wa mpokeaji, muda na hesabu. Hata mhasibu wa halmashauri, aliyewahi kukesha akipanga risiti za mradi ili fungu la pili litoke, ataielewa bila kufafanuliwa.