Udongo wa Ulaya

Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alikaa akapima tulikotoka na tulikofika, na kwenye suala la nyumba akawatolea watu uvivu. Alilalamika kwamba saruji na bati vimetupoozesha akili. Mtu ana udongo mzuri wa kufyatulia matofali na kufinyangia vigae, lakini yuko radhi kuzeekea kibandani akisubiri bati. Na hiyo saruji yenyewe, alikumbusha, ni udongo tu, ila umetajwa kwa jina la Ulaya.

Nchi nzima iliyasikia maneno hayo. Mimi huyasikia kama maneno ya mtu wa Butiama. Mwalimu alizaliwa mwaka 1922 kwenye mji wa Mtemi Burito wa Wazanaki, na mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Ukiambiwa wake 22, usifikirie karamu peke yake. Fikiria kuta. Katika miji ya aina hiyo kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba inataka kukandikwa, na mkandikaji ni mwenye nyumba mwenyewe. Wanaume walisimika nguzo, wakafunga fito, wakaezeka nyasi. Udongo ulikuwa kazi ya wanawake, na hakuna aliyewaita mafundi.

Walikuwa mafundi. Si kila udongo unafaa kuwa ukuta. Udongo wa mfinyanzi mtupu ukikauka hunywea, ukatatuka kama kisigino cha mkulima. Kichanga kitupu hakishiki, mvua ya kwanza inakiteremsha chini. Kwa hiyo ulitafutwa udongo wa kati, na uliopendwa kuliko wote ni wa kichuguu. Mchwa hupandisha mfinyanzi kutoka chini ya ardhi, punje kwa punje, na kuugandisha kwa mate yake. Ukikivunja kichuguu, nusu ya kazi imeshafanywa na wadudu. Udongo huo unapondwa, unamwagiwa maji, unakanyagwa kwa miguu, unalazwa usiku kucha. Asubuhi unakanyagwa tena.

Mkono wa kwanza ni wa kukandika: tonge linasukumwa kwa nguvu mpaka lijibane katikati ya fito. Ukuta ukishakauka na kutoa nyufa zake, na lazima uzitoe, ndipo unakuja mkono wa pili, wa kusiliba. Hapa ndipo yanapoingia mavi ya ng'ombe. Ng'ombe aliyekula majani makavu ya kiangazi hutoa mavi yenye nyuzinyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazoushika udongo usipasuke. Mvua zikianza, ng'ombe wakila majani mabichi, mavi huwa majimaji na hayafai kitu. Kwa hiyo miezi mizuri ya kusiliba ni ile ya katikati ya mwaka, mavuno yakiwa ndani na jua likiwa la kutosha. Majivu yaliongezwa kuwafukuza wadudu. Mwisho mtu akitaka urembo alipaka udongo mweupe juu, na chini, pale mvua inaporuka na kuchafua, akapaka mwekundu au mweusi. Nyumba nyingi za mjini leo zimepakwa rangi nyeusi au kahawia futi mbili za chini, na mwenye nyumba anadhani ameiga bango la kiwanda cha rangi.

Mwaka 1934 kijana wa Mugaya alipelekwa Musoma, shule ya Mwisenge. Mwaka huohuo Wamennonite walikuwa wakianza kazi Shirati, na kabla yao mapadre walishafika Nyegina. Misheni na serikali zilileta kalibu ya tofali, tanuri na chokaa, na pamoja navyo zikaleta jambo lisilosemwa sana: mwiko wa fundi. Mwiko ulishikwa na wanaume. Ukuta ulipoacha kupakwa kwa kiganja, ulitoka mikononi mwa mama ukaingia kwenye mfuko wa zana wa fundi, na kwa mara ya kwanza ukawa na bei.

Saruji yenyewe ilikuwa adimu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928. Musoma haikufikiwa na reli, ikabaki kungojea meli. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza mwaka 1954, cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Kabla ya hapo mfuko wa saruji ulivuka bahari kweli, na jina la Ulaya halikuwa mzaha.

Kisha ikaja miaka ya sabini. Mwaka 1974 watu wa mkoa wa Mara walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wakaacha kuta za miaka mingi na kukandika nyingine harakaharaka. Novemba mwaka huohuo likatoka Azimio la Musoma juu ya elimu, na madarasa yakahitajika kila kijiji. Mengi yalianza kwa miti na udongo, kwa nguvu za wananchi. Saruji ingetoka wapi? Mwaka 1977, mwaka uleule wa kile kilio cha Mwalimu, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Kwa mtu wa Tarime au Musoma, Sirari, pale mpakani, ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam mara nyingi. Kilichobaki ni foleni, vibali na magendo. Kiwanda cha Tanga kilipoanza mwaka 1980, nacho kilikuwa upande wa pili wa nchi.

Kwa hiyo katika kilio chake nadhani Mwalimu alikuwa na haki, lakini si yote. Alisahau, au hakutaka kusema, kwamba ukuta wa udongo haudumu bila mtu wa kuupaka kila mwaka. Mwanamke aliyechota maji mbali ili akanyage udongo, kisha akarudia mwakani, hakuwa amepooza akili alipotamani saruji. Alikuwa amechoka.

Siku hizi mifuko ya kilo 50 imejaa Musoma na Bunda, na lugha ya ukuta imebadilika. Watu wanapiga lipu, wanamalizia kwa niru, wenye uwezo wanaongeza jipsamu ndani mpaka ukuta uteleze kama sahani. Fundi hapimi kwa jicho la kichuguu, anahesabu toroli. Mfuko mmoja kwa toroli mbili za mchanga ni lipu ya nguvu, kwa tatu ni ya kawaida, na mwenye nyumba asipokuwepo toroli zinaongezeka zenyewe. Lipu inataka kumwagiwa maji siku saba. Wachache wanafika ya nne.

Kosa kubwa zaidi ni kuipiga lipu hiyo juu ya ukuta wa udongo. Nimeliona mara nyingi, na nyumbani kwetu tulilifanya. Udongo hunyonya unyevu na kuuachia, hutanuka na kunywea. Saruji ni ngumu, haiendi nao. Maji yakipenya kwenye ufa mmoja yanakwama nyuma ya ngozi hiyo, na baada ya masika mawili lipu inasikika tupu ukiigonga, kisha inabanduka kipande kizima. Tambarare za Bunda zenye udongo mweusi wa mbuga zina kisa chao: hapo hata tofali la saruji hupasuka kuanzia msingi, na fundi wa lipu hulaumiwa kwa dhambi ya ardhi.

Lakini pita nyuma ya nyumba ya tofali Butiama. Aghalabu utakuta jiko la nje la udongo, limesilibwa na mama mwenye nyumba. Na vijana wanaochoma tofali za kuuza, wakishapanga tanuri na kulijaza kuni, hawaliwashi hivihivi. Hukanyaga udongo kwa miguu, wakalikandika pande zote kwa viganja moto usitoke, na ufa ukionekana usiku, aliye zamu huinuka na tonge mkononi kwenda kuuziba.