Kesi ya Nani? Mwathiriwa wa Uhalifu katika Sheria za Kenya

Kabla ya 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki, jinai katika nchi tunayoiita Kenya ilikuwa deni baina ya watu. Kwa Wakikuyu, kama Jomo Kenyatta alivyoeleza mwaka 1938, wazee waliutoza upande wa muuaji mbuzi au kondoo 100 kwa mwanamume aliyeuawa, na 30 kwa mwanamke. Pwani, sheria ya Kiislamu iliwapa warithi wa marehemu hiari ya kudai kisasi, kupokea diya au kusamehe. Tusizipambe mno zama hizo: binti aliyebakwa hakuwa mdai, na fidia yake iliishia zizini kwa baba. Hata hivyo, kesi ilikuwa mali ya waliodhulumiwa, na haikwisha mpaka waridhike.

Mwaka 1897 Waingereza walileta sheria za Uhindi, pamoja na Kanuni ya Adhabu ya 1860. Kuanzia hapo mhalifu alihesabiwa kuwa amemkosea mtawala wa Uingereza. Faini ilikwenda hazina, na adhabu nyingine ikawa kifungo au kitanzi. Aliyeumizwa alibaki shahidi: aliitwa, akahojiwa, akaambiwa aende zake. Kanuni mpya ya 1930 ilimruhusu hakimu, katika kifungu cha 31, kuamuru mkosaji amlipe fidia aliyemwumiza. Ilimruhusu, haikumlazimisha.

Uhuru wa 1963 haukubadilisha mpango huo. Jamhuri ilipozaliwa mwaka uliofuata, jina lake liliandikwa katika hati za mashtaka mahali pa Malkia, na mwathiriwa akabaki kule kule kizimbani kwa mashahidi. Mwaka ule ule wa 1963, New Zealand ilipitisha sheria ya kuwalipa fidia waathiriwa wa uhalifu kutoka hazina ya serikali, na nchi nyingine zikaifuata.

Mageuzi yalisukumwa zaidi na wanawake. Julai 1985 Nairobi iliandaa mkutano wa tatu wa dunia kuhusu wanawake, na ukatili wa majumbani, uliokuwa ukiitwa mambo ya ndani, ukajadiliwa hadharani. Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la haki za waathiriwa wa uhalifu: wasikilizwe, wahudumiwe, walipwe. Kenya ilichukua miaka 21 kufikia Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, iliyoongozwa bungeni na Njoki Ndung'u. Pamoja na mengine, sheria hiyo ilimwezesha shahidi aliye hatarini kutoa ushahidi bila kutazamana na mshtakiwa.

Kisha yakaja machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakayakimbia makwao. Wanawake na wanaume walibakwa, baadhi yao na askari wa serikali. Kesi za machafuko hayo zilizopelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, zilivunjika kati ya 2014 na 2016 bila yeyote kutiwa hatiani, na bila hukumu ya hatia mahakama ile haina wa kumwamuru alipe fidia. Nyumbani, Katiba ya 2010, ibara ya 50(9), ililiagiza Bunge kutunga sheria ya ulinzi, haki na ustawi wa waathiriwa. Ikapatikana mwaka 2014, pamoja na bodi na mfuko wa dhamana.

Mwaka 2020 mahakama zilitoa maamuzi mawili mazito. Mahakama ya Juu ilisema mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi kupitia wakili wake, ila asigeuke kiongozi wa pili wa mashtaka. Kwa maoni yangu mpaka huo ni wa haki, kwani mshtakiwa naye hawezi kupambana na waendesha mashtaka wawili. Mnamo Desemba, Mahakama Kuu iliamuru serikali iwalipe manusura wanne wa ubakaji wa 2007 na 2008 shilingi milioni 4 kila mmoja. Waliofungua shauri hilo mwaka 2013 walikuwa manusura wanane; wanne waliosalia hawakupewa kitu. Wakati huohuo, huko Garissa, Wajir na Mandera, kesi nyingi za ubakaji zinaendelea kumalizwa na wazee kwa maslaha, yaani usuluhishi wa kimila, na msichana mwenyewe bado hana kiti katika kikao hicho.