Chozi na Majina Yake

Chozi, ndege mdogo afyonzaye mbochi wa maua, amehamishwa jenasi mara nyingi. Mwaka 1766 Linnaeus aliwaweka baadhi yao katika Certhia, pamoja na ndege wa Ulaya wapandao mashina ya miti, kwani midomo yao pia imepinda. Mwaka 1816 Cuvier aliunda jenasi ya Cinnyris. Mwaka 1944 Delacour akaiingiza ndani ya Nectarinia. Hivyo chozi wa milima ya Kivu, aliyeitwa na Chapin Cinnyris rockefelleri mwaka 1932, akawa Nectarinia rockefelleri, hata Irwin alipoirejesha jenasi ile mwaka 1999. Ndege hakugeuka, iliyogeuka ni hoja juu ya udugu wake. Jina la kisayansi ni dai, na kila dai hungoja ushahidi.