Kanga Ina Jina, Mchoraji Hana

Kwa wengi wa visiwani, Igoma ni jina la msiba. Katika kitongoji hicho cha Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma, walizikwa wengi wa waliokufa maji meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Lakini Igoma ina historia nyingine, nayo inawagusa watu wa pwani katika vazi lao la kila siku. Ndiko kilikojengwa, katika miaka ya 1960, kiwanda cha nguo cha Mwatex, kilichogeuza pamba ya Usukumani kuwa kanga na vitenge.

Historia ya kanga husimuliwa sana upande wa mvaaji na wa mwenye duka. Wanawake wa Zanzibar na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, walinunua leso za majora, wakazikata na kuziunga zikawa vazi. Husimuliwa pia habari za Kaderdina Hajee Essak, aliyeanzisha duka Mombasa mwaka 1887, ambaye alama yake, "Mali ya Abdulla", imesomwa na vizazi kadhaa ukingoni mwa kanga. Asiyesimuliwa ni mchoraji.

Na kazi yake si haba. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo sharti lizunguke pande zote nne na kukutana pembeni pasi na kukatika. Mji ujae bila kulisonga jina. Jina nalo likae ndani ya kisanduku chake, lisomeke hata mvaaji akiwa njiani. Kila rangi huhitaji chapa yake, hivyo kila rangi iongezwayo ni gharama. Mshairi hubanwa na vina na mizani. Mchoraji hubanwa na upana wa kitambaa na idadi ya rangi. Wote wawili hupimwa kwa wanachoweza kukifanya ndani ya mipaka hiyo.

Kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa ng'ambo. Kanga zilichapwa Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Wafanyabiashara wa pwani walipeleka maneno, na mchoraji wa mji kama Helmond, Uholanzi, aliyanakili herufi kwa herufi, kwanza za Kiarabu, baadaye za Kilatini, asijue kama mkono wake unaandika dua au kijembe.

Viwanda vya nchini vilibadili jambo hilo. Urafiki ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1968, na Mwatex ikawa mwenzake wa Kanda ya Ziwa. Sasa mchoraji mzalendo aliweza kukisoma alichokichora, akajua neno kali linataka ua gani na neno la upendo linataka rangi gani. Kanga ya Igoma ikavaliwa na Msukuma na Mswahili, kila mmoja akiiona ni yake. Hata hivyo, kitambaa kilibeba jina la kiwanda, si la aliyekichora.

Kisha biashara ikafunguliwa katika miaka ya 1980, mitumba na nguo za nje zikafurika, na katika miaka ya 1990 viwanda vya umma vikadhoofika na kubinafsishwa. Mwatex haikunusurika. Mashine zina bei, hata zikiwa mbovu hupata mnunuzi. Mchoro ni karatasi, na karatasi huliwa na mchwa.

Leo wasanifu michoro wa Mwanza huketi mbele ya kompyuta, wakitengeneza mabango, kadi za harusi na fulana za kampeni. Wanadhaniwa ni watu wa kazi mpya, ilhali wana wazee wao. Helmond hutunza michoro ya kanga katika nyaraka za kiwanda chake. Nyaraka za Igoma zimo zaidi katika makasha ya akina mama, zikiwa zimekunjwa doti kwa doti. Na majina ya waliozichora yangali vichwani mwa wazee waliofanya kazi nao. Hao yafaa waulizwe sasa.