Kumchagua Mlezi wa Kumwachia Mtoto Mchana: Mambo ya Kuangalia Kabla na Baada

Kwa sheria ya Tanzania, mama aliyeajiriwa hupata likizo ya uzazi ya siku 84. Hata akiianza siku ya kujifungua, likizo inaisha mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu. Mama anayeuza mboga, anayepika chakula barabarani au anayefua nguo za watu hana hata likizo hiyo. Kama nyumbani hakuna bibi wala dada wa kazi, mtoto huachwa kwa mama wa mtaani anayelea watoto kwake mchana, kwa malipo ya siku au ya mwezi.

Maelezo haya ni ya mzazi wa mtoto wa chini ya miaka mitatu anayetafuta mlezi wa aina hiyo, au ambaye tayari anaye na anataka kujua kama mtoto yuko salama.

Kimya hakitoshi

Sifa inayosikika mara nyingi ni hii: "Kwake watoto wametulia, husikii kelele." Sifa hiyo peke yake haithibitishi kwamba watoto wanatunzwa. Mtoto mwenye afya hutambaa, hushika vitu, hulia, hucheka na kudai. Ukikuta watoto sita wako kimya saa nne asubuhi, tafuta sababu. Huenda ni muda wao wa kulala. Huenda wamewekwa mbele ya runinga tangu asubuhi. Huenda wamezoea kwamba wakilia hakuna anayekuja. Au wamepewa dawa ya kuwalaza.

Dawa zinazotumiwa vibaya kwa kazi hiyo ni zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama Piriton. Mtoto mdogo akizidishiwa anaweza kupumua kwa shida, kupata degedege, na hata kufa. Mlezi hatakiwi kumpa mtoto dawa yoyote ambayo wewe hukuileta na kumwelekeza. Mwambie hivyo siku ya kwanza, waziwazi, bila kuona haya.

Nenda ukaone, mara mbili

Mara ya kwanza nenda kwa miadi, mzungumze. Mara ya pili nenda bila kutoa taarifa, kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana. Huo ndio wakati wa kupika, kulisha, kubadilisha nepi na kulaza, na kazi zinapogongana ndipo unapoona malezi yalivyo. Kaa angalau nusu saa. Angalia mambo haya:

- Mtoto akilia, nani anamwendea, na baada ya muda gani?
- Mlezi anazungumza na watoto, anawaita kwa majina, anawaangalia usoni?
- Watoto wanamkimbilia, au wanamkwepa?
- Kuna nafasi ya kutambaa na vitu vya kuchezea, hata kama ni vikombe vya plastiki na masanduku?
- Runinga imewashwa kutwa? Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiangalie skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku.

Mlezi akikukatalia kuingia mchana, au akitaka umkabidhi mtoto mlangoni tu, tafuta mwingine.

Hesabu mikono

Jiulize swali moja: moto ukitokea sasa hivi, watu wazima waliopo wanaweza kuwatoa watoto wote? Mtu mmoja mwenye watoto wachanga watatu ambao hawajatembea tayari ana kazi kubwa. Akiwa na wanane, kuna watakaokaa na nepi chafu na watakaolishwa haraka haraka.

Uliza pia nani hubaki na watoto mlezi akienda sokoni, dukani au msibani. Jibu "binti yangu wa darasa la tano" si jibu zuri. Mtoto halei watoto.

Nyumba

Nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja inaweza kuwa salama, na nyumba kubwa yenye geti inaweza kuwa hatari. Tazama haya:

- Maji. Ndoo, beseni na madumu yaliyokatwa yafunikwe au yawekwe juu. Mtoto anayejifunza kusimama anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya sentimita chache. Kisima na shimo la choo viwe na mfuniko.
- Moto. Jiko liwe mahali ambapo mtoto hafiki. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba walicholala watoto, kwa sababu hewa yake huua bila kutoa harufu ya kukushtua.
- Sumu. Mafuta ya taa, dawa za kufanyia usafi na sumu ya panya visihifadhiwe kwenye chupa za soda au za maji, na viwekwe juu.
- Vitu vya kukaba koo. Karanga, pipi ngumu, sarafu, betri ndogo na vifuniko vya chupa visiwe sakafuni.
- Mahali pa kulala. Mtoto mchanga alazwe chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila mto wala nguo nyingi karibu na uso. Chandarua kinahitajika hata mchana.
- Usafi. Maji na sabuni viwe karibu na pa kubadilishia nepi. Mlezi anawe baada ya kila nepi na kabla ya kila chakula. Pa kubadilishia nepi pasiwe pa kutengenezea uji.

Maziwa na chakula

Hadi miezi sita mtoto anahitaji maziwa ya mama tu, hata maji hahitaji. Kwenda kazini hakulazimu kuacha kunyonyesha. Mwajiri anatakiwa kisheria kumruhusu mama kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Kwa hiyo mlezi aliye karibu na kazini anaweza kukufaa kuliko aliye karibu na nyumbani.

Ukiacha maziwa uliyokamua, yaweke kwenye chombo safi chenye mfuniko. Nje ya friji yatumike ndani ya saa nne, na kwenye joto kali kama la Dar es Salaam ni vizuri yatumike mapema zaidi. Ndani ya friji hukaa hadi siku nne. Mlezi ayapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, asiyachemshe. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo au kijiko, kwa sababu chupa na chuchu zake ni vigumu kusafisha vizuri. Yaliyobaki baada ya kunyweshwa yasitunzwe kwa ajili ya jioni.

Baada ya miezi sita, kubalianeni mtoto atakula nini na mara ngapi. Uji mwepesi kutwa nzima hujaza tumbo bila kumjenga. Ongeza vitu kama maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, yai, mboga za majani, parachichi. Kila mtoto awe na bakuli na kijiko chake, na mlezi amlishe kwa utaratibu bila kumkaba mdomo kwa nguvu.

Ugonjwa, dawa na chanjo

Watoto wakiwa pamoja huambukizana mafua, kuhara na surua. Mlezi makini atakuomba kadi ya kliniki. Usichukie, anawalinda wote. Mtoto awe amepata chanjo za kuzaliwa, za wiki ya 6, 10 na 14, na ya surua na rubela miezi 9 na miezi 18.

Muulize mlezi kuhusu afya yake na ya watu wa nyumbani kwake. Mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apime kifua kikuu. Vipimo na matibabu yake ni bure katika vituo vya serikali, na watoto wadogo wanaathirika zaidi wakiambukizwa.

Mtoto mwenye homa, anayehara au anayetapika abaki nyumbani kama inawezekana. Akiugua akiwa kwa mlezi, upigiwe simu mara moja. Mwachie mlezi namba yako, ya ndugu mmoja, na jina la kituo cha afya cha karibu.

Wanaoishi humo

Uliza kila mtu mzima na kijana anayelala au kupita katika nyumba hiyo: mume, kaka, wapangaji, wageni. Mtoto asiachwe peke yake na yeyote kati yao, na asichukuliwe na mtu ambaye hukumtaja. Uliza mlezi anafanya nini mtoto akikataa kula au akijikojolea. Akikuambia anamchapa "kidogo tu", umepata jibu lako.

Usajili

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na maombi hupitia kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Walezi wengi wa majumbani hawajasajiliwa. Hilo halimaanishi wote ni wabaya, ila linamaanisha hakuna mtu wa serikali aliyekwenda kukagua, kwa hiyo mkaguzi ni wewe. Uliza pia kwa mjumbe, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na kwa wazazi wawili ambao watoto wao walishatoka kwake.

Kama uwezo ni mdogo

Wazazi wengi hawana walezi kumi wa kuchagua. Tofautisha basi kasoro inayorekebishika na isiyorekebishika.

Kinachorekebishika: hakuna chandarua, sabuni imeisha, ndoo hazina vifuniko, hakuna kizuizi mlangoni, vikombe vinatumika pamoja. Wazazi wanne wakichanga kidogo kidogo wanaweza kununua vitu hivyo wiki hii.

Kisichorekebishika kwa kuchanga: dawa za kuwalaza watoto, kipigo, kuwafungia ndani na kuondoka, ulevi, kuwaacha chini ya uangalizi wa mtoto mwingine, na kukataa usiingie. Hata akiwa wa bei ndogo kuliko wote, usimwache mwanao hapo.

Mtoto akishaanza

Anza kwa kumwacha saa chache kwa siku tatu au nne. Kulia unapoondoka ni kawaida, hasa kuanzia miezi minane hivi. Muage, usimtoroke. Wengi huzoea baada ya wiki chache.

Kila jioni uliza maswali matatu: amekula nini, amelala saa ngapi hadi saa ngapi, amepata choo mara ngapi? Kisha mwogeshe mwenyewe na umwangalie mwili mzima. Pita mchana bila taarifa mara moja moja, hata baada ya miezi sita ya kuridhika.

Chunguza haraka ukiona:

- ni mzito kumwamsha jioni, macho yamelegea, halafu usiku anakesha, na hali hiyo inajirudia;
- alama za kuchapwa, kufinywa au kuungua zisizo na maelezo yanayoeleweka;
- maumivu, wekundu au damu sehemu za siri;
- uzito umesimama au umeshuka kwenye kadi ya kliniki;
- amekuwa mwoga ghafla kwa mtu fulani, au ameacha kucheza na kutoa sauti alizokuwa anatoa.

Mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo kama haamki vizuri, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au anapumua kwa shida. Kama unahisi amepewa dawa, beba chupa au paketi yake.

Ukishuku ukatili, piga simu bure namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Kama unashuku ubakaji au ulawiti, usimwogeshe mtoto kabla hajaonwa na mtoa huduma wa afya, na nguo alizovaa uende nazo.

Mlezi mzuri hachukii maswali haya. Anajua ameshika mtoto wa mtu, na mara nyingi yeye ndiye atakuwa wa kwanza kukuambia kwamba leo mtoto hakula vizuri. Mlezi wa namna hiyo mlipe kwa wakati, na umchukue mtoto saa mliyokubaliana.