Kutoka Gresham hadi Kippure: mwaka wa kwanza wa televisheni ya Ireland

Anayetaka kufuata nyayo za televisheni ya Ireland aanzie Hoteli ya Gresham, mtaa wa O'Connell, Dublin. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1961 theluji ilikuwa ikianguka, watu wamefurika nje, na ukumbini mwaka mpya ukisubiriwa mbele ya kamera za Telefís Éireann, kituo kilichozaliwa jioni ileile.

Kabla ya shamrashamra, Rais Éamon de Valera alilihutubia taifa. Alikuwa na miaka 79 na macho yake yalikuwa karibu kupofuka, hivyo chombo alichokizindua asingeweza kukitazama sawasawa. Hakuficha hofu yake. Alikilinganisha na nguvu ya atomiki: kinaweza kuleta mema yasiyo na kifani, kinaweza pia kuleta madhara yasiyotibika. Hofu hiyo naielewa. Nchi yake ilikuwa na sheria ya kudhibiti vitabu tangu 1929, ila mawimbi hayasimamishwi forodhani, na antena za pwani ya mashariki na za mpakani zilikwisha kuzoea kunasa BBC.

Ukitoka mjini kuelekea kusini, unaipanda milima ya Wicklow hadi kilele cha Kippure, mita 757, uliposimikwa mnara wa kwanza. Wakazi wa Dublin walipata picha papo hapo. Wengi wa magharibi walisubiri minara mingine, kama ule wa Truskmore, Sligo. Mwaka 1962 kengele ya sala ya Malaika wa Bwana, iliyosikika redioni tangu 1950, iliingia kwenye televisheni pia, saa kumi na mbili jioni.

Badiliko kubwa kuliko yote halikupangwa. Tarehe 6 Julai 1962 kilianza The Late Late Show, kipindi cha mazungumzo cha kujazia ratiba ya kiangazi tu, mtangazaji akiwa Gay Byrne, kijana wa miaka 27. Kilirushwa moja kwa moja, watazamaji wakiwemo studio, na yaliyokuwa yakinong'onwa majumbani yakaanza kusemwa hadharani. Februari 1966 Byrne alimuuliza mama mmoja vazi lake la kulalia usiku wa harusi lilikuwa la rangi gani. Akajibu kwamba huenda hakuvaa kitu. Studio ikaangua kicheko. Askofu Thomas Ryan wa Clonfert alikasirika, akapiga simu gazetini usiku uleule, kisha akakilaani kipindi kanisani. Hakikufutwa. Byrne alikiongoza hadi 1999.